Kipimo cha Mwaka Huu

Mazungumzo ya redio, kipindi cha alfajiri. Masomo: Mwanzo 3:7, 20–23, 1 Samweli 2:18–19



Twawasalimu kutoka hapa Voi. Ni saa kumi na mbili kasorobo, na twajua wengi wenu mnatusikiliza huku mkijitayarisha kwenda kazini. Mmoja anachemsha chai, mwingine anatafuta kiatu cha mtoto chini ya kitanda, na mwingine ana pasi mkononi, ananyosha nguo atakayoivaa leo. Huyo mwenye pasi ndiye hasa tunayetaka kuzungumza naye.

Jambo letu asubuhi hii ni nguo za kazi, na hasa nguo ambazo mtu mzima, aliyekwisha kupita miaka hamsini, anajifunza kujishonea kwa mikono yake mwenyewe. Msishangae. Twajua kasisi anapotaja mavazi watu hutarajia kusikia juu ya kanzu nyeupe za Ufunuo, au kukemewa kwa sketi fupi. Leo hatuna kemeo lolote, isipokuwa moja ambalo latuhusu sisi wenyewe, nalo tutalifikia.

Katika parishi yetu yuko mama mmoja ambaye ni karani katika ofisi fulani huko Wundanyi. Ametupa ruhusa kuyasema haya yote, ila jina lake alitaka libaki kwake, nasi tumeliheshimu neno hilo. Akiwa na miaka 52 alipatikana na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, titi la kushoto likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kanisani. Tuliimba siku ile, tukatoa shukrani, akina mama wakapika wali, nasi tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wale waliowahi kuuguza ugonjwa huu wanajua kwamba tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hayapiti tena kama yalivyokuwa yakipita, na mkono wa upande ule waweza kuvimba ukakaa hivyo. Mkono wake wa kushoto ulivimba. Blauzi zake za kazini zilikataa kuingia. Alipopata blauzi pana ya kuingia mkono wa kushoto, ilimwagika upande wa kulia kama gunia, na kifuani ikalala bapa upande mmoja, kiasi kwamba hata mtoto angeona. Basi akaanza kuvaa sweta. Alivaa sweta Januari, akavaa Februari.

Ninyi mnaotusikiliza mkiwa Wundanyi au Mbale hamtaona ajabu, kwa maana huko juu sweta ni kama ngozi ya pili. Lakini mama huyu analala Voi. Kila asubuhi anapanda matatu hapa kwetu, mahali ambapo joto huamka kabla ya watu, anapita Mwatate, kisha gari linaanza kupanda milima, na akifika ofisini kweli baridi ipo. Kule juu hakuna aliyeuliza habari ya sweta. Huku chini kila mtu aliuliza. Mtu mmoja kazini, siku jua lilipokuwa kali hata kule mlimani, alimtania mbele ya wenzake kama ameficha nini ndani ya sweta lile. Hakuwa na nia mbaya, twadhani. Lakini mama yule alikwenda chooni, akakaa humo mpaka saa ya chakula.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu. Aliketi, akafungua mkoba, akatoa barua. Ilikuwa barua ya kuomba kustaafu mapema. Mtumishi wa serikali anaruhusiwa kuomba kustaafu akifika miaka 50, na asipoomba ataendelea hadi 60, tangu umri huo ulipoongezwa kutoka 55 mwaka 2009. Yeye alikuwa na 53. Fanyeni hesabu wenyewe: miaka saba ya mshahara, na mtoto wake wa mwisho bado yuko chuoni. Akatuambia, "Mchungaji, nimechoka kufikiria nguo. Naomba mniombee, Jumatatu niipeleke."

Hapa ndipo penye lile kemeo. Sisi, tuliosoma chuo cha theolojia na kufundishwa namna ya kukaa na wenye huzuni, tulimjibu upesi. Tulimkumbusha kisa cha Samweli nyumbani kwa Yese, jinsi Mungu asivyomchagua mtu kwa umbo wala kwa kimo bali kwa yale yaliyo moyoni mwake. Tukamwambia asijali macho ya watu. Tukaomba dakika mbili au tatu, tukampa mkono, akaenda. Tuliona tumefanya kazi njema.

Neno lile ni kweli, na Bwana asifiwe kwa neno lile. Lakini mama yule hakuwa ameuliza habari za moyo wake. Moyo wake ulikuwa salama kuliko wetu. Aliuliza avae nini Jumatatu.

Mwingine atasema, kwa nini asiende kwa fundi? Alikwenda. Mafundi wetu wa cherehani hapa Voi ni hodari, nasi twawasifu. Wamekaa barazani mwa maduka miaka mingi na wameshonea harusi za mji mzima. Lakini kipimo huchukuliwa hapo hapo barazani. Mteja husimama, huinua mikono, na tepu humzunguka kifuani, huku watu wanapita wakienda sokoni. Fundi yule hakumkosea hata kwa neno moja. Alichukua tepu tu, akasogea. Mama akasema amesahau kitu nyumbani, akaondoka.

Mitumba nayo? Wengi wetu ndiyo tunayoivaa, hata mimbarani, wala si aibu. Tangu milango ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota yamejaa kutoka Kongowea mpaka Gikomba, na maskini wamevaa vizuri kwa bei ndogo. Viwanda vyetu vya nguo havikustahimili miaka ile. KICOMI ya Kisumu ilifungwa, na Rivatex ya Eldoret ilianguka mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoichukua mwaka 2007. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, na ya watu wanaojua biashara kuliko sisi. Kwa leo twasema hivi tu: mtumba umeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mwenye bahati hupata aliyefanana naye huko Ulaya au China. Lakini pekueni robota lote, hamtapata blauzi ambayo mkono wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa inchi mbili. Nguo ya namna hiyo haiuzwi popote. Ni lazima ishonwe.

Sasa mtuvumilie turudi nyuma kidogo, mjue cherehani za kanisani zilitoka wapi. Mtakumbuka mwaka 2020, ule wa korona. Mwezi wa Machi makanisa yalifungwa. Mwezi huo huo serikali ikasimamisha kuingizwa kwa mitumba, mpaka Agosti. Aprili tukaagizwa kuvaa barakoa. Na Julai makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa kwa watu wasiozidi 100, wenye miaka zaidi ya 58 waliambiwa wabaki nyumbani pamoja na watoto walio chini ya miaka 13. Ilikuwa hekima ya kulinda uhai, hatuipingi. Lakini hebu fikirini mama wa miaka 70 aliyefagia kanisa tangu usichana wake, anaambiwa asikanyage ibadani. Baadhi yao walikuwa na cherehani za miguu, zile nyeusi nzito. Wengine walijifunza kushona katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, ambavyo viliwafundisha wanawake kushona na kupika vijijini. Basi wakashona barakoa nyumbani, wakatuma kanisani kwa mikono ya wajukuu. Walipokuwa wamekatazwa kuja, kazi yao ilikuja, ikakaa kwenye nyuso zetu sote.

Ugonjwa ulipopungua, akina mama hao wa Umoja wa Akina Mama, ule uliozaliwa Uingereza mwaka 1876 kwa juhudi za Mary Sumner, mke wa kasisi, hawakutaka kuacha. Wakaleta cherehani nne katika chumba cha kuvalia kilicho nyuma ya kanisa letu. Wanakutana kila Alhamisi, saa tisa. Sisi tulilalamika kidogo, kwa kuwa kanzu zetu zilianza kukutwa na vipande vya uzi.

Mama wa nyumbani kwetu ndiye aliyemwita yule karani. Hakutuuliza sisi. Alimwambia tu, "Barua iache mpaka Alhamisi."

Yaliyotendeka ndani ya chumba kile hatukuyaona, na haikupasa tuyaone. Tuliyoambiwa ni haya. Yuko bibi mmoja mzaliwa wa Mbololo, miaka yake imepita 70, ndiye mwalimu wao. Alifunga mlango, akafunga pazia, akatwaa tepu. Kisha akasema, "Mwanangu, vua sweta. Mimi siwezi kupima sweta." Kimya kikawa kirefu. Mama akavua. Bibi akapima kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu wa mgongo. Akapima mkono wa kulia kwa juu, akaandika. Akapima wa kushoto, akaandika. Aliandika hesabu zote katika karatasi moja, kwa mwandiko ule ule, bila kusema pole na bila kutikisa kichwa. Mama alituambia baadaye kwamba tangu siku ya upasuaji, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu asiye daktari alimgusa upande ule, tena ilikuwa mara ya kwanza yeye mwenyewe kujua kwa hesabu tofauti ni kiasi gani. Alikuwa akidhani mkono umezidi kwa inchi nne au tano. Ulikuwa umezidi kwa mbili.

Ndipo akaanza kujifunza, mtu wa miaka 53 ambaye tangu shule hakuwahi kushika sindano isipokuwa kurudisha kifungo. Wengi wenu mtapenda kujua inavyoanzwa, kwa hiyo tutasema kama tulivyofundishwa. Hawamwachi mtu kukata kitambaa kizuri. Kwanza huchukua blauzi yake ya zamani aliyoipenda, wakaifumua mishono yote, vipande vikalala mezani, akaona jinsi nguo ilivyojengwa. Kisha hufuatisha vipande hivyo juu ya gazeti kuukuu, na kuongeza au kupunguza kwa kufuata kipimo kipya. Twasikia hata nakala za zamani za gazeti la kanisa zimetumika; yuko mtu ambaye mkono wake wa blauzi ulikatwa kutoka katika barua ya askofu ya Pasaka. Kisha hukata shuka kuukuu, wakapiga bandi kwa mkono, akajaribu. Shuka ikikataa, hakuna aliyepoteza fedha.

Kitambaa nacho kina hekima yake. Cha pamba hufuliwa kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi kikishafuliwa, na kazi yote itakuwa ya mdogo wako. Kile cha nailoni chapendeza dukani lakini kwa joto la Voi chafunga jasho ndani. Mtu anayeshuka na kupanda kati ya Voi na Wundanyi kila siku anahitaji pamba kwa ndani, na koti jepesi lenye bitana analoweza kulivua. Vitenge vinavyopita Taveta vyafaa sana sketi, ila yafaa kutazama maua yasigawanyike vibaya penye mshono. Na pembeni, penye mshono wa ubavu na wa mkono, bibi yule husisitiza iachwe inchi nzima ya ziada ndani. Nguo za dukani huacha kidogo mno, kwa kuwa muuzaji hana mpango na mwili wako wa mwaka kesho.

Blauzi ya kwanza iliharibika. Alishona vizuri, akakunja pindo, akaweka kola, kisha akagundua ule mkono mpana ameuweka upande wa kulia. Kama umewahi kushona utajua jambo hili humpata kila mtu, kwa sababu nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa ndani nje. Siku ile alilia kuliko siku ya tepu. Bibi alimpa wembe na kumwambia afumue. Akafumua. Daktari alikuwa amemwonya asijichome mkono wa kushoto, maana mkono wa namna ile jeraha dogo laweza kuingia uchafu likaleta homa. Kwa hiyo alivaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole, tena si kimoja bali vitatu, akafumua polepole mpaka magharibi.

Tusimame hapo kidogo, wapendwa. Kushona si dawa. Mwenye mkono uliovimba aende hospitali, kuna mazoezi na kuna soksi ya mkono ya kubana inayosaidia. Na mama, au dada, mwenye uvimbe titini asingoje mkesha wala semina. Nenda leo. Tutakuombea ukiwa njiani.

Tuendelee. Kutoka Pasaka mpaka mwezi wa Oktoba alishona sketi mbili na blauzi tatu. Ndani ya kila blauzi, upande wa kushoto, alishona mfuko mdogo wa kitambaa laini, na humo akaweka pamba aliyoifunga vizuri kwa kadiri ya upande wa kulia. Mfuko ule ukishonwa mahali pake haupandi wala haushuki. Hakuna aliyemfundisha, alitengeneza mmoja ukawa juu mno, wa pili ukawa chini, wa tatu ukakubali. Koti lilimshinda. Koti lenye bitana si kazi ya mwanafunzi. Akaandika vipimo vyake vyote, kulia na kushoto, akazipeleka hesabu hizo kwa yule fundi wa barazani. Fundi alisoma karatasi, akauliza swali moja tu juu ya vifungo, akashona. Hakuhitaji tepu.

Twadhani ni haki kusema pia kwamba tulijaribu sisi wenyewe. Aibu ya lile jibu letu ilitusukuma. Tulikaa kwenye cherehani Alhamisi mbili tukitaka kushona mfuko wa kanzu yetu, na tulichopata ni mfuko ulioshonwa pande zote nne. Vijana wa kwaya bado wanautaja. Kuna wanaume waliocheka kuona kasisi kwenye cherehani, nao wamevaa suruali zilizoshonwa na mwanamume barazani! Paulo alikuwa mshona hema. Mwaka 1883, mwaka ule ule Bwana Wray wa CMS alipoanza misheni huko Sagalla, msafara wa Joseph Thomson ulikaa Taveta, na wapagazi wake, wanaume watupu, walikaa siku nyingi wakitunga shanga na kushona nguo za kubadilishana huko mbele kwa Wamaasai. Sasa yuko mzee mmoja mlinzi, aliyefiwa na mkewe, ambaye huja Alhamisi na koti lake la zamu. Kwanza alikuja kurudisha vifungo. Sasa anabadilisha bitana.

Sasa tuyatazame Maandiko, maana bado tunadaiwa jibu.

Katika Mwanzo sura ya tatu kuna nguo mbili. Ya kwanza waliishona Adamu na Hawa wenyewe, katika aya ya saba. Walishona haraka, kwa majani ya mtini, baada ya kuona aibu, na kazi yake ilikuwa kuficha. Ninyi wakulima mnajua jani likichumwa linakaa muda gani. Nguo ya pili iko aya ya ishirini na moja. Mungu mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, kwa ngozi, akawavika. Aya hii tumeisoma mara nyingi, na kila mara tumekimbilia maana yake kuu, ya sadaka na ya Kristo, nayo ni maana ya kweli. Lakini angalieni inayofuata mara moja. Katika aya ya ishirini na tatu anawatoa bustanini waende wakailime ardhi. Ameshawaambia kuna miiba. Ameshawaambia kuna jasho. Ndipo, kabla hawajatoka mlangoni, anawavika ngozi, vazi linaloweza kupita kwenye miiba. Sisi wa nyika hii ya Tsavo, ambao miiba yetu huingia hata kwenye gurudumu la baiskeli, tungepaswa kuiona aya hiyo mapema. Vazi la kwanza Mungu alilomtengenezea mwanadamu lilikuwa la kwenda nalo kazini.

Na aliwavika miili gani? Ile ile ambayo sasa imekwisha kuambiwa habari za uchungu, na jasho, na kurudi mavumbini. Hakungoja irudi ilivyokuwa kabla. Hakuwaambia kwamba nguo si kitu maadamu moyo umetubu. Aliwapima walivyokuwa jioni ile.

Kisha tufungue 1 Samweli. Hiki ndicho kitabu tulichochukua lile jibu letu la haraka. Laiti tungalikisoma tangu mwanzo! Katika sura ya pili yuko Hana, mama yake Samweli. Mtoto ameachwa Shilo, anahudumu mbele za Bwana, yaani yuko kazini. Na mama yake kila mwaka anamtengenezea kanzu ndogo, akampelekea wakati wa kupanda kwenda kutoa dhabihu. Kila mwaka. Maana kanzu ya mwaka jana haimtoshi. Akina mama mnaoshonea wajukuu walioko Mombasa mnaijua kazi hiyo, ya kukisia mtoto ameongezeka kiasi gani tangu mlipomwona. Hana hakuweza kushona kwa kipimo cha mtoto aliyemkumbuka. Ilimlazimu ashone kwa kipimo cha mtoto aliyepo. Twamsifu kwa maombi yake ya sura ya kwanza, na kila semina ya wanawake huhubiri maombi hayo. Ile kanzu hatuihubiri, nayo ilishonwa mwaka baada ya mwaka, labda usiku kwa mwanga mdogo, na bila shaka mara nyingine ikafumuliwa.

Yuko pia Dorkasi wa Yafa, ambaye jina lake maana yake ni paa, yule mnyama mwepesi. Matendo sura ya tisa. Hatutakaa sana kwake kwa kuwa mnamjua. Jambo moja tu. Petro alipofika, wajane walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea, na chuoni tulifundishwa kwamba maneno ya Luka katika Kigiriki yaweza kueleweka kuwa walikuwa wamezivaa. Walisimama mbele ya mtume, wakiwa ndani ya nguo zile, wakilia. Petro aliwatazama kwanza. Kisha ndipo akapiga magoti kuomba. Sisi tuliomba bila kutazama.

Tulimwomba mama yule msamaha, kwa maneno machache, tukiwa tumesimama nje ya kanisa. Alicheka, akasema, "Mchungaji, hata wewe ulikuwa hujapata kipimo." Tukaacha hapo.

Bado yuko kazini. Sweta analivaa akifika Wundanyi kama watu wengine, na akishuka Voi jioni analivua garini. Tulimwuliza ile barua iliishia wapi. Alisema hakuichana. Imo ndani ya Biblia yake, na ziko asubuhi ambazo bado huigusa, hasa mkono unapomuuma. Hatukumwambia aichane. Mwezi wa Januari walipimana tena wote, kama wafanyavyo kila mwaka sasa, na mkono wake ulikuwa umeongezeka nusu inchi. Alhamisi iliyopita tulipopita dirishani alikuwa ameketi na vile vikofia vitatu vya vidole, anafumua mshono wa mkono wa kushoto wa blauzi ya kijani. Ile inchi ya ziada ilikuwamo ndani, nusu yake itatumika.

Chumba kile hufunguliwa kila Alhamisi, saa tisa alasiri, mlango wa nyuma ya kanisa. Mwenye shuka kuukuu alete, mwenye mkasi alete, na mwenye cherehani mbovu alete pia, kwani yule mzee mlinzi amegundua anaweza kuzitengeneza. Mlango hufungwa wakati wa kupima.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewavika baba na mama yetu wa kwanza kabla ya kuwatuma kazini, uwatazame leo wale waliosimama mbele ya kabati na hawajui wavae nini. Uwaokoe na majibu yetu ya haraka. Ubariki mikono ya wazee wanaofundisha, na macho yao, maana uzi siku hizi hauonekani vizuri. Uwarudishe jioni salama wote wanaopanda matatu asubuhi hii. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.